Jembe Halitoshi? Mchezo wa Kriketi na Afya Zetu

(Mazungumzo yaliyotolewa mbele ya wazazi na vijana, Idodi, Mkoa wa Iringa)



Kwanza twawashukuru wazee wa Idodi waliotupa nafasi hii, pamoja na ndugu waliosafiri kutoka Tungamalenga, Mapogoro na Malinzanga, wakaacha shughuli zao ili kutusikiliza. Mada tuliyopewa ni jinsi mchezo wa kriketi unavyoathiri afya ya mwili na utulivu wa nafsi. Mara ilipotangazwa, mzee mmoja alituuliza: mtu aliyeshinda ameinama kwenye jaruba la mpunga tangu alfajiri, mnamtaka akimbilie mpira jioni kwa faida gani? Tumeliona swali hilo kuwa la haki, na tumeona vema tuanze nalo, kwani asiyeweza kulijibu hana sababu ya kuwasumbua watu na habari za kriketi.

Yapasa ifahamike tangu mwanzo kwamba kwa upande wa jasho kriketi haimshindi mkulima. Wataalamu waliopima nguvu zinazotumiwa na mwili wameiweka kriketi karibu na kutembea kwa haraka, na kulima kwa jembe la mkono hakupungui hapo. Katika timu ya watu 11 wanaouzuia mpira uwanjani, wengi husimama na kungoja kwa muda mrefu kuliko wanavyokimbia. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2020, lilishauri mtu mzima autumikishe mwili wake kwa kiasi cha wastani dakika 150 hadi 300 kwa juma, na mtoto wa miaka 5 hadi 17 dakika 60 kila siku. Mkulima wa Idodi wakati wa kupandikiza mpunga huzimaliza dakika hizo kabla ya Jumatano. Kwa hiyo anayekuja kijijini na kusema kwamba watu wanaugua kwa sababu hawatoki jasho, huyo hajakaa kijijini.

Lakini jambo hili lina upande wa pili. Mvua za huku ni za msimu mmoja, na katika miezi ya kiangazi asiye na shamba linalopata maji ya mfereji hubaki mikono mitupu. Miezi hiyo ndiyo vijana hushinda kijiweni, fedha ya mpunga ikiwa bado mfukoni, nasi sote twajua inakokwenda. Kadhalika, si kila mkazi wa Idodi anashika jembe siku hizi. Wapo walimu, wenye maduka, mafundi cherehani, waendesha bodaboda na akina mama wauza mchele. Hao kazi yao ni kukaa. Safari ambayo baba zetu waliifanya kwa miguu, leo kijana huifanya kwa pikipiki na kulalamika kwamba kiti ni kigumu. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2012 ulikuta kwamba takribani mtu mmoja kati ya wanne, wa umri wa miaka 25 hadi 64, alikuwa na shinikizo la juu la damu, maradhi ambayo mtu huweza kuishi nayo miaka mingi bila kuyajua. Wanaodhani kwamba maradhi hayo ni ya mjini tu, wamekosea.

Tena jembe huutumia mwili kwa namna moja: mgongo umeinama, macho yako chini, mkono unarudia mwendo ule ule mara elfu. Mchezo hudai kinyume chake. Mtu husimama wima, hukaza jicho kwenye kitu kinachokuja kwa kasi, huchomoka mbio fupi, husimama ghafla, hugeuka, hurusha, hudaka. Viungo vilivyolala huamshwa. Aidha, na kwa maoni yetu hili ndilo kubwa kuliko yote, jembe haliipumzishi fikra. Mtu hulima huku akihesabu deni la mbolea, karo ya mtoto na bei ya gunia. Mpira unapokujia usoni huwezi kuhesabu deni. Kwa ule muda mfupi moyo hulazimika kuyaweka chini yote uliyoyabeba, na mwenye kuuonja muda huo hulala vizuri zaidi usiku.

Kwa wale ambao mchezo huu ni mgeni kwao, tueleze kwa ufupi. Vijiti vitatu husimamishwa kila upande wa njia yenye urefu wa mita 20 na kidogo. Mrushaji hurusha mpira kwa mkono ulionyooka, akikusudia kuviangusha vijiti vya upande wa pili. Mpigaji huvilinda kwa gongo bapa. Akiupiga mpira mbali, yeye na mwenzake hukimbia kubadilishana nafasi, na kila wanapofika salama huhesabiwa mkimbio mmoja. Mipira 6 hufanya ova moja. Vijiti vikianguka, au mpira ukidakwa kabla haujagusa ardhi, mpigaji hutoka na mwingine huingia. Mengine mtajifunza uwanjani. Na watoto wetu wa kike wanaocheza rede tayari wanayo nusu ya elimu hii, kwa kuwa wamekwisha kujifunza kurusha kwa shabaha na kuutazama mpira bila kufumba macho.

Sasa tazameni kinachompata kijana katika mchezo huo. Mwenye kufunga mikimbio 10 kwa miguu yake amekimbia karibu mita 180, si kwa mwendo mmoja bali kwa vipande vifupi vya kasi, kila kimoja kikiishia kwa kusimama na kugeuka. Huko ndiko mapafu na misuli ya miguu inakofanya kazi. Nako kule kungoja, ambako watu hukucheka, si uvivu. Mdakaji hajui mpira upi kati ya mia utamjia, hivyo hulazimika kuwa macho kwa yote. Katika mpira wa miguu mtoto asiye hodari huweza kufichwa mchezo mzima bila kuugusa mpira. Katika kriketi zamu hupangwa, na hata aliye dhaifu kabisa kwa kawaida hupata siku yake ya kushika gongo. Kisha huja jambo ambalo wazazi hawana budi kulithamini: aliyetolewa hutoka mwenyewe kwa miguu yake, hukaa kivulini, na hutakiwa kuwashangilia wenzake. Kushindwa kidogo kidogo mbele ya watu, kisha kurudi tena Jumamosi ijayo, humzoesha mtoto kuyabeba makubwa yatakayomkuta baadaye.

Wapo wanaosema kwamba huu ni mchezo wa Waingereza na Wahindi. Kwamba ulianzia huko, na kwamba kwa miaka mingi hapa nchini uliendeshwa na vilabu vya ndugu zetu wenye asili ya Asia, ni kweli. Lakini tangu mwaka 1975 timu ya Afrika Mashariki, yenye wachezaji wa Kenya, Uganda, Tanzania na Zambia, ilishiriki Kombe la Dunia la kwanza kule Uingereza. Ilifungwa michezo yote mitatu, si neno. Kenya ilifika nusu fainali ya Kombe hilo mwaka 2003. Tanzania imekuwa mwanachama mshiriki wa baraza la kimataifa la kriketi tangu 2001, na mwaka 2025 vijana wake wa chini ya miaka 19 walifuzu kwa mara ya kwanza kwenda Kombe la Dunia la umri wao la mwaka 2026. Mpira wa miguu nao ulikuja kwa meli, wala hakuna anayeuliza leo ni wa nani.

Tuje kwa binti zetu. Mvulana wa Idodi akifika miaka 15 bado ana uwanja wa chandimu. Msichana wa umri huo hana chochote. Rede ameiacha kwa sababu ameambiwa amekua. Kuanzia hapo mwili wake ni wa kubeba ndoo na kuni tu. Wapo wanaozuia kwa hoja ya mavazi, na hoja hiyo kwa kriketi haina nguvu, maana vazi la asili la mchezo huu ni suruali ndefu, shati la mikono mirefu na kofia pana. Mwenye kutaka kujisitiri hapungukiwi na kitu. Wapo pia wanaodhani mbio hazimfai mwanamke. Hao wakumbuke ile habari mashuhuri ya Mtume Mtukufu s.a.w. kushindana mbio na Bibi Aisha r.a. Mwezi Juni 2019, mjini Kigali, Fatuma Kibasu wa timu ya wanawake ya Tanzania alifunga mikimbio 108 dhidi ya Mali bila kutolewa. Hatuwaahidi kwamba binti wa Idodi atafika huko. Tunachosema ni kwamba mifupa huimarishwa katika umri ule ule ambao sisi tunawaambia wakae.

Vazi hilo refu lina faida nyingine ambayo hatukuifikiria mpaka tulipoanza kuandaa mazungumzo haya. Watoto wenye ualbino huondolewa michezoni kwa sababu ya jua, na kweli jua ni adui wa ngozi zao. Mikono mirefu, kofia pana, mafuta ya kukinga jua na mchezo wa jioni huwarudisha miongoni mwa wenzao. Macho yao huenda yasiuone vema mpira mdogo unaokuja kwa kasi; basi na wapewe mpira mkubwa na laini, au kazi ya kuhesabu mikimbio. Anayehesabu naye yumo mchezoni.

Ndugu zangu, tuseme sasa juu ya afya ya moyo, si ule unaopiga kifuani, bali ule unaohuzunika. Nchini Rwanda kriketi ilikuzwa hasa na watu waliorudi kutoka ukimbizini katika nchi za jirani baada ya mauaji ya kimbari ya mwaka 1994. Chama chao kiliundwa mwaka 1999. Uwanja waliokuwa nao ulikuwa Kicukiro mjini Kigali, kwenye shule ile ile ambayo mwezi Aprili 1994 watu wapatao elfu mbili waliokimbilia humo waliachwa na askari wa Umoja wa Mataifa, na wengi wao wakauawa. Hapo ndipo vijana walisimamisha vijiti vyao. Tangu mwaka 2014 huchezwa huko Rwanda mashindano ya wanawake yaitwayo Kwibuka, maana yake kukumbuka. Na mwezi Mei 2016 nahodha wao, Eric Dusingizimana, alisimama akipiga mipira kwa saa 51 ili kuchangisha fedha za kujenga uwanja mpya, nao ukafunguliwa Gahanga mwaka uliofuata.

Mchezo haufuti msiba, la hasha. Idodi haihitaji kufundishwa hilo. Mwezi Agosti 2009 moto uliteketeza bweni la wasichana katika shule ya sekondari hapa, na wanafunzi 12 wakafariki. Waliobaki hai walikuwa watoto, na mtoto aliyefiwa hajui kukaa matanga kama mtu mzima. Huomboleza kidogo, kisha hutaka kucheza, kisha hulia tena. Mtu mzima akiona hivyo hudhani kwamba mtoto hana huruma. Sivyo, kucheza na wenzake ni sehemu ya kupona kwake. Watu wa Rwanda walilijua hilo, wakaucheza mchezo wao bila kuyaficha makaburi.

Kuna na habari ya Laikipia, kaskazini mwa Kenya. Huko vijana wa Kimaasai waliunda timu ya kriketi, wakicheza wakiwa wamevaa shuka zao na shanga zao, na mwaka 2013 walikwenda London kushindana. Waliutumia umaarufu wao kupinga ukeketaji na ndoa za utotoni, na kufundisha juu ya Ukimwi. Wazee wao awali hawakupendezwa, kisha mazungumzo yakawezekana. Habari hii twaileta hapa kwa sababu mbili. Kwanza, mkoa wetu ulionekana katika uchunguzi wa mwaka 2016/17 kuwa na maambukizi ya virusi vya Ukimwi kwa zaidi ya mtu mzima mmoja kati ya kumi, na kijana hasikii somo la afya analosomewa ukumbini kama anavyolisikia kwa nahodha wake. Pili, katika tarafa hii wanaishi Wahehe, Wabena, Wagogo, Wamaasai, Wabarabaig na wengine, na maji na malisho yamekuwa chanzo cha maneno baina ya mkulima na mfugaji. Timu ya watu 11 haijazi nafasi zake kwa ukoo mmoja. Anayekudakia mpira Jumamosi ni vigumu kumpiga fimbo Jumatatu, ingawa hatusemi haiwezekani.

Nao waliovuka ujana wasijitoe. Mwezi Juni 2024, katika Kombe la Dunia la ova 20, Frank Nsubuga wa Uganda, akiwa na umri wa miaka 43, alirusha ova zake nne dhidi ya Papua New Guinea akatoa mikimbio 4 tu na kuwatoa wapigaji wawili, na Uganda ikashinda. Yeye hakurusha kwa nguvu; alirusha kwa akili. Mzee wa miaka 50 asiyeweza tena kukimbizana kwenye mpira wa miguu bila kuumia goti, hapa bado ana nafasi.

Tusiwafiche madhara yake. Mpira halisi wa kriketi una uzito wa gramu 156 hadi 163, na ni mgumu kama jiwe. Mwezi Novemba 2014, kule Sydney, mchezaji mashuhuri Phillip Hughes alipigwa na mpira shingoni, chini ya kofia yake ngumu, akafariki siku mbili baadaye. Tangu mwaka 2019 sheria za kimataifa huruhusu mchezaji aliyetikiswa ubongo abadilishwe na mwingine, na kwetu sisi aliyepigwa kichwani asirudi uwanjani siku hiyo hata akisema yu mzima. Vijana warushao kwa kasi bila mapumziko hupata nyufa katika mifupa ya kiuno. Ndiyo maana nchi zilizozoea mchezo huu zimewawekea watoto ukomo wa ova. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Oxford waliowahoji wachezaji wa Uingereza, wa sasa na waliostaafu, walikuta maumivu ya viungo kwa wengi waliocheza ngazi ya juu, ingawa wengi wao walisema mchezo uliyanufaisha maisha yao. Wala asidhani mtu kwamba mchezo ni kinga ya huzuni iliyo ugonjwa. Marcus Trescothick, mpigaji hodari wa Uingereza, aliiacha timu ya taifa ziarani mwaka 2006 kwa sababu ya sonona, naye alikuwa akicheza kila siku. Mwenye ugonjwa huo apelekwe hospitali, asiambiwe akacheze tu.

Na njaa je? Mkoa wa Iringa hulima chakula kingi, hata hivyo uchunguzi wa mwaka 2022 ulikuta asilimia 56.9 ya watoto wake walio chini ya miaka mitano wamedumaa. Mtoto wa namna hiyo kwanza anahitaji maharage, mayai, dagaa na matunda katika sahani yake. Tukimpa gongo kabla ya chakula tutakuwa tumemdhulumu.

Tuliyoyapanga ni haya. Tutaanza na mpira wa tenisi uliozungushiwa utepe wa umeme, kama wafanyavyo watoto wa mitaani Karachi. Huenda kasi lakini hauvunji mifupa. Gongo litachongwa na seremala kwa mti mwepesi usiopasuka, na vijiti vitakatwa porini. Kila upande utarusha ova 6, na mchezo mzima utachukua kama saa moja, hivyo utaanza baada ya sala ya Alasiri na kwisha mapema kabla ya Magharibi. Mtoto hatarusha zaidi ya ova mbili kwa siku. Ndoo ya maji safi itakaa kivulini, na kila baada ya ova tatu watu watakunywa, hata wasio na kiu. Mwezi wa Ramadhani tutapumzika. Mpira ukiingia vichakani na jua limeanza kuzama, uachwe huko huko hadi asubuhi. Hatuko mbali na MBOMIPA wala na Hifadhi ya Ruaha, na tembo hawaulizi nani alikuwa na zamu ya kupiga.

Wavulana watakaojiandikisha wabaki hapa mbele. Wasichana wataandikwa na akina mama walioko upande wa kulia, na wazazi wenye maswali juu ya siku na mavazi wawaulize hao hao. Tunahitaji pia watu wanne wazima wa kuhesabu mikimbio, wenye kujua kuandika na wasio na haraka ya kwenda nyumbani.

Wassalaam.